Kilima-mrota Anastahili Jina

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, giza la namna hiyo halidumu. Kijana wa Kaloleni, Buruburu au Kayole akikumbana na kitu kipya hukipa jina upesi; ndiyo sababu Sheng, iliyokulia mitaani humo, ina majina chungu nzima ya pesa: ganji, chapaa, mkwanja, doo. Hata hivyo, kijana huyohuyo akiulizwa kuhusu amfibia, aghalabu atamtaja chura, na labda salamanda wa kwenye runinga. Salamanda hapatikani Kenya. Kilima-mrota anapatikana, naye yumo hatarini.

Hilo ni jina la Kisagalla. Mwenye jina ni amfibia asiye na miguu, anayefanana na nyungunyungu na kuishi ndani ya udongo laini wenye unyevu. Wanasayansi walimtambulisha mwaka 2005 kwa jina la *Boulengerula niedeni*. Makao yake ni Mlima Sagalla pekee, karibu na Voi. Msitu wa asili mlimani humo umepungua sana, na mikaratusi iliyopandwa huukausha udongo. Udongo ukikauka, kiumbe huyu hana pa kukimbilia.

Yamkini atatokea wa kuuliza: mkazi wa Dandora, ambaye Mto Nairobi umechafuka mbele ya macho yake, kilima-mrota anamhusu nini? Anamhusu. Miti inayoegemeza sakafu za maghorofa yanayojengwa Kayole na Umoja aghalabu ni mikaratusi. Si lazima iwe imetoka Sagalla. Ila mahitaji ya mji ndiyo huamua kinachopandwa milimani.

Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili unapojitokeza. Kisichotajwa hakitetewi. Maadamu kiumbe huyu huitwa nyungunyungu tu, hakuna atakayeshtuka akitoweka. Kiswahili hakikuona haya kuchukua "ng'atuka" kutoka Kizanaki. Kwa nini kione haya kuchukua "kilima-mrota" kutoka Kisagalla? Neno hilo na liingizwe katika kamusi, lifundishwe darasani, litumiwe katika insha na mashairi. Jina pekee halitaotesha msitu wala kurejesha unyevu. Lakini lugha yenye majina mengi ya pesa na isiyokuwa na jina la kiumbe wake adimu imekwisha kuonyesha inachokithamini.