Shahada Si Hati ya Kukalia Kiti

Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 waliitwa kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70 za kazi katika Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakazidi 135,000. Yaani kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 80.

Wako wakubwa wenye jibu la haraka kwa jambo hili. Vijana, wanasema, wanachagua kazi. Wavue suti wajiajiri. Usemi huo humpendeza anayeusema, hasa ikiwa yeye mwenyewe hajapata kujiajiri hata siku moja. Wajiajiri kwa mtaji gani, na kwa ujuzi gani? Mtu aliyefundishwa kwa miaka mitatu kunakili maneno ya mhadhiri na kuyarudisha katika chumba cha mtihani hawezi kugeuka mkulima wa kisasa au mwenye karakana siku ya mahafali, eti kwa kuwa mgeni rasmi amemwambia hivyo.

Kasumba hii ina chanzo chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria. Nchi changa ilikuwa na viti vitupu, na kila mhitimu alikuwa na chake kinachomngoja. Kwa miaka mingi Serikali ndiyo iliyowapangia wahitimu kazi. Wakati huo shahada ilikuwa kweli hati ya kukalia kiti. Utaratibu ule umekwisha zamani, bali mafundisho yaliyoundwa kwa ajili yake yamebaki.

Wala si kwamba hatari hiyo haikuonekana. Mwalimu Nyerere aliieleza katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aombe kuingia chuo kikuu. Azimio lile lilikuwa na kasoro. Wasichana liliwaumiza zaidi, ikabidi walegezewe sharti. Na kumtaka mtu apate sifa njema kutoka kwa mkubwa wake wa kazi ni kufungua mlango wa chuki na upendeleo. Lakini hoja yake ya msingi haikujibiwa, iliachwa tu: kwamba anayeingia darasani akiwa amekwisha kushika kazi huuliza maswali ambayo mwenzake hawezi kuyafikiri.

Kilichobaki leo ni wiki chache za mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi. Katika karatasi ni jambo jema. Lakini mara nyingi mwanafunzi wa uhasibu hutumwa kutoa kopi na kununua chapati, na wa uhandisi husimama kando ya mtambo asiruhusiwe kuugusa. Mwajiri humwona mzigo. Daftari la kazi za kila siku hujazwa lote kwa usiku mmoja, ule wa kuamkia siku ya msimamizi. Msimamizi naye akifika hukaa robo saa, hutia sahihi, huenda zake, maana ana wanafunzi wengine chungu nzima wa kuwaona kabla ya jioni. Wote watatu wanajua kuwa huo ni mchezo wa kuigiza, na wote watatu wanausaini.

Huku mchezo ukiendelea, kazi zenyewe zinahama. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, sehemu kubwa ya shughuli za karani wa benki imehamia kwa wakala chini ya mwavuli. Sasa akili mnemba inaandika barua, inafupisha taarifa na kutafsiri mikataba. Yaani inachukua zile kazi ndogo za ofisini ambazo mhitimu mpya alizitumia kujifunzia. Mhadhiri anayetoa swali lilelile la insha kila mwaka anasahihisha kazi ya mashine na kumpa alama mwanafunzi. Ujenzi wa reli ya kisasa ulianza mwaka 2017, na treni za umeme zikaanza kubeba abiria mwaka 2024. Miaka 7 inatosha kumsomesha mhandisi tangu mwaka wa kwanza hadi mahafali, na ikabaki. Kila kitivo cha uhandisi kiulizwe: wanafunzi wake wangapi walishika kazi pale, na wangapi walipita kutazama?

Watakuwapo wasomi watakaosema chuo kikuu si gereji, kazi yake ni fikra. Ni kweli si gereji. Lakini mwanafunzi wa udaktari hapewi shahada bila kumgusa mgonjwa, na hata akiipata hufanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Hakuna aliyelalamika kwamba fikra zake zimepungua. Mhasibu, mwalimu, mhandisi na bwana shamba wananyimwa utaratibu huo kwa sababu gani?

Basi fildi iwe muhula mzima, mwajiri atoe alama zenye uzito, naye apunguziwe kodi kwa kila mwanafunzi anayempa kazi ya kweli. Wahadhiri nao warudi viwandani na mashambani kila baada ya miaka michache. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa wake. Asiye na mshahara hakatwi, na deni linakaa. Vyuo hutangaza kila mwaka idadi ya waliohitimu. Vitangaze pia, kozi kwa kozi, wangapi wana kazi miaka miwili baadaye, na kozi isiyo na jibu isidahili wengine mpaka ilipate.