Ua la dirishani, ndege wa vichakani

Makala moja imelinganisha mti unaopatikana kila mahali na ndege aliyekwisha toweka. Msomaji wa Mpale, Korogwe, ana mfano wa karibu: ng'ambo ya bonde la Lwengera, Usambara Mashariki.

Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau kutoka milima hiyo. Leo mmea huo, Saintpaulia, unauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, huku jamaa zake wa porini wakibanwa kwenye miamba yenye kivuli kadiri misitu inavyokatwa.

Ndege je? Artisornis moreaui, wa kijivu, mdomo mrefu, amebeba jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, katika milima hiyo. Nje ya Usambara Mashariki, yeye au ndugu yake wa karibu anajulikana mlima Njesi tu, Msumbiji, alikopatikana mwaka 1945, kisha akaonekana tena 2001. Hajatoweka, lakini yuko hatarini.

Tena hupenda misokotano ya mimea tambaazi kwenye mianya ya msitu na kingo zake, yaani ileile ambayo mwenye panga huiita magugu na kuifyeka bila kuuliza. Ua lilipata wakuzaji kwa sababu linakubali chungu. Ndege huyu hafugiki dirishani.