Tusali Wakati wa Hofu



Wako Wakristo wanaodhani ya kuwa mtu mwenye imani haogopi kamwe. Wakiingiwa na hofu, huona haya kusali, na kusema moyoni: «Mungu atamsikilizaje mtu mwoga kama mimi?» Fikira hiyo huwanyima amani wengi.

Tumtazame Bwana wetu katika bustani ya Getsemani. Yeye mwenyewe alishikwa na hofu na huzuni kuu, wala hakuwaficha wanafunzi wake. Kisha alisali, na maneno yake hayakuwa mengi: mara tatu alirudia sala ile ile. Kikombe cha mateso hakikuondolewa. Lakini yeye aliyeanguka kifudifudi alisimama, akawaamsha wenzake, akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Hatari ilibaki, ila moyo ulipata nguvu ya kutimiza mapenzi ya Baba.

Katika nchi yetu ya Kongo tunaye Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa na mwalimu wa watoto. Tarehe 29 Novemba 1964 waasi walioitwa Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Anuarite aliuawa huko Isiro kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake ya ubikira. Alikuwa na umri wa miaka 24. Katika saa ile ya kutisha alimsamehe aliyemwua. Msamaha wa namna hiyo hautokei ghafula. Hutayarishwa na sala za kila siku, asubuhi na jioni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Basi wewe baba usikiaye milio ya risasi usiku, wewe mama ukeshaye kando ya mtoto mgonjwa, nawe mwanafunzi uliyevunjika moyo kwa kushindwa mtihani: msingoje hofu iishe ndipo msali. Mwambieni Mungu waziwazi jambo linalowatisha. Maneno yakikosekana, semeni Baba Yetu polepole, au fungu moja la rozari pamoja na jamaa. Amani isipokuja mara ya kwanza, rudieni. Kisha inukeni mfanye kazi iliyo mbele yenu: kumpa mtoto dawa, kumfariji jirani, kufungua tena daftari.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.