Ukimshtaki wakili, sema yote mapema
Wakili akiharibu mkataba wako wa kukodi duka, unaweza kumshtaki kwa uzembe. Uingereza kwa kawaida una miaka 6. Shida ni watu kuandika dai nusunusu, halafu muda ukiisha ndiyo wanakumbuka kosa lingine. Jaji ataliongeza tu kama limetoka kwa mambo yaleyale uliyoandika mwanzo, ama karibu yaleyale. Na dai lisilo na matumaini ya kweli anaweza kulikata bila kusikiza mashahidi. Ati ni uonevu? Mimi naona ni haki, ingawa inauma. Mteja akikuja leo kudai chenji ya mwaka juzi, utamsikiza? Kenya dai la uzembe ni miaka 3 tu. Toa barua, risiti na meseji zote sasa, umpe wakili mwingine asome.