Pawa saplai ya elfu thelathini na tano imenila zaidi ya laki nne

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi na sababu ni moja tu: mashine yangu ilikufa. Siyo kuumwa, kufa kabisa. Nimeshamaliza kulia, sasa nina la kusema, na nyie mnaosubiri bumu liingie ili muunge kompyuta zenu naomba mnisikilize kabla hamjapanda daladala ya Kariakoo.

Muhula uliopita niliamua kuunga ya mezani badala ya kununua laptopu ya mtumba. Kwa pesa ileile ya mezani inakuwa na nguvu zaidi, na kikiharibika kitu unabadilisha hichohicho. Nikachukua prosesa ya Core i3-12100, ramu ya GB 16, SSD, na kadi ya picha GTX 1650 iliyotumika. Kufika kwenye pawa saplai mfuko ulikuwa umeshatoboka. Muuzaji akanitolea boksi lililoandikwa 600W kwa maandishi makubwa kama bango la mkutano wa hadhara. Shilingi 35,000. "Mdogo wangu, hii utaendeshea mpaka friji." Nikacheka, nikalipa, nikaona nimelamba dume.

Ikapiga kazi miezi minne. Halafu usiku mmoja umeme hosteli ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Ile mara ya pili nikasikia pap! na harufu ya plastiki inayoungua. Asubuhi fundi akaniambia pawa saplai haikuondoka peke yake, imekwenda na madabodi na SSD. Ndani ya SSD kulikuwa na sura mbili za ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, na nakala niliyokuwa nimejitumia kwa barua pepe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Madabodi 210,000. SSD 95,000. Pawa saplai nyingine 140,000. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa kinachoniuma siyo kwamba kitu cha bei rahisi kimekufa. Kinachoniuma ni kwamba ukweli ulikuwa umebandikwa ubavuni siku zote na sikuusoma. Kila pawa saplai ina lebo yenye jedwali dogo la volti na ampea. Prosesa na kadi ya picha siku hizi zinakula kwenye njia ya volti 12, kwa hiyo tafuta ampea za hapo, zidisha kwa 12, unapata wati utakazozitumia kweli. Ya kwangu iliandikwa 16A. 12 mara 16 ni 192. Mia sita ilitoka wapi? Ilitoka kwa aliyechapa boksi. Linganisha na Corsair CX450, ambayo boksi lake linajinadi wati 450 tu: kwenye volti 12 ina 37.4A, yaani karibu wati 449. Ile "ndogo" ni zaidi ya mara mbili ya ile "kubwa".

Na mashine yangu ilihitaji nini? Hiyo i3 ikikazana sana inafika wati 89, GTX 1650 inatakiwa wati 75. Hapo ni 164 kabla hujagusa madabodi, feni na diski. Kwa hiyo nilikuwa natembelea ukingoni kila nilipofungua programu nzito, na joto la Dar mnalijua.

Fundi aliifungua nikaona. (Msifungue wenyewe jamani! Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa ya ndani inachajiwa kwenye volti 300 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa waya.) Pale umeme unapoingilia palikuwa na nafasi tupu zilizochorwa kwa ajili ya koili na kile kidude cha kumeza umeme unapopanda ghafla. Kiwandani wameruka, wameunganisha na kipande cha waya. Ndiyo maana lilikuwa jepesi kama boksi la viatu.

Ruumeti wangu hakubaliani na mimi. Anasema 140,000 ni chakula cha wiki kadhaa, na kuna watu hapa bumu ndiyo kila kitu, wengine wanatuma na nyumbani. Kweli kabisa, simbishii. Ila ninachosema mimi siyo "tafuta pesa zaidi", ninasema kata kwingine. Kesi yenye taa za rangi ya nini? Anza na ramu ya GB 8. Kadi ya picha iache kwanza, i3-12100 ina picha zake za ndani (ile yenye F mwishoni haina, angalieni sana). Bila kadi, hata pawa saplai ya wati 300 za kweli inatosha na chenji inabaki. Kadi utaongeza baadaye. Pawa saplai mbovu haikupi hiyo baadaye.

Njia nyingine ni kuchomoa kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika. Naipenda, nyingi zimetengenezwa vizuri, lakini nenda na macho. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 kwa mfano, plagi yake kuu ina pini 8 wakati madabodi ya kawaida inataka 24. Ukishalipa ndipo ugundue, utarudi dukani kubembeleza.

Kuhusu ile alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004: inapima umeme kiasi gani unapotea kwa joto, haisemi chochote kuhusu kinga. Halafu stika mtu yeyote anachapa. Mradi wenyewe una orodha ya modeli kwenye tovuti yake, tafuta jina kamili ukiwa hapohapo dukani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Hata hii mpya siiamini usiku. Umeme ukikatika nachomoa kabisa, ukirudi nasubiri dakika tano. Ruumeti ananicheka, ila juzi nimemkuta kachomoa redio yake.

Sura ya pili nimeshaiandika upya, ya tatu bado. Ngoja nikimbie, nina kipindi saa mbili na leo wanasainisha mahudhurio.