Maumivu ya Kidonda Si Mtihani wa Subira

Katika nyumba za Majengo, hapa Mombasa, wamo watu wanaouguza kidonda cha mguu kwa miezi, wengine kwa miaka. Wapo wenye kisukari, wapo ambao mishipa yao ya damu imeziba au imelegea. Wapo pia vijana wenye selimundu, maradhi yaliyoenea Pwani, ambao hutoka vidonda vikali karibu na kifundo cha mguu. Kidonda kikiwawanga usiku kucha, huambiwa wavute subira, ni mtihani. Sisi tunasema maumivu hayo yana tiba, na kumnyima mgonjwa tiba hiyo ni dhuluma.

Tazama siku ya kuosha kidonda. Mgonjwa amekuja kwa tuktuk na kukaa kwenye benchi tangu asubuhi. Shashi ya juzi imekauka ikagandana na nyama. Inabanduliwa kwa mkupuo mmoja, inatoka na ngozi changa iliyokuwa ikiota, damu inachuruzika, naye anaambiwa avumilie. Huko ni kukirudisha kidonda nyuma. Inavyotakiwa, shashi hurowekwa kwanza kwa maji safi ya chumvi ya hospitali mpaka ilegee. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu nusu saa au saa nzima kabla ya kuguswa. Kisha kidonda hufunikwa kwa kitu kisichogandana, japo shashi yenye vaselini. Hakuna mashine inayohitajika hapo.

Kumuuliza mgonjwa anavyoumwa pia ni uchunguzi. Maumivu yanayozidi akilala, yakapungua akiuning'iniza mguu kando ya kitanda, huashiria kwamba damu haifiki vizuri mguuni. Uvimbe na uzito unaopungua mguu ukiinuliwa huashiria kwamba mishipa ya kurudisha damu imelegea. Huyu wa pili husaidiwa na bendeji ya kubana, lakini bendeji hiyo hiyo yaweza kuufisha mguu wa yule wa kwanza. Naye mwenye kisukari ambaye unyayo wake ulikufa ganzi, akianza ghafla kuumwa, aonwe siku hiyo hiyo, kwani huenda uambukizi umezama ndani. Asiyeuliza habari za maumivu anaipoteza nafasi ya kuuokoa mguu.

Mgonjwa asiyesikilizwa hujitafutia. Hununua diklofenaki dukani siku baada ya siku, na dawa hiyo huweza kuziumiza figo ambazo kisukari na presha tayari vimezidhoofisha. Mwingine huogopa mateso, akaacha kwenda kufungwa kidonda, akarudi mguu umeshaoza.

Wapo wasemao mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwamba mwenye kisukari alijiponza kwa chai tamu na mahamri. Selimundu hurithiwa, aliyeirithi naye alijidunga lini? Na hata mtu angekuwa na kosa, hakuna sheria ya dini wala ya nchi inayofanya maumivu kuwa adhabu ya kula.

Sheria tunayo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tangu 2013, zahanati na vituo vya afya vya umma viko mikononi mwa kaunti. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyotuletea Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ndiyo pia iliyoanzisha Mfuko wa Afya ya Msingi. Wajuzi wa kutuliza maumivu makali nao hawako ng'ambo: Coast Hospice iko papa hapa Mombasa.

Kwa hivyo tunaitaka Serikali ya Kaunti ya Mombasa itoe agizo kwa kila kituo chake. Maumivu ya mwenye kidonda yaulizwe na kuandikwa kila anapofika. Shashi kavu isibanduliwe kamwe. Dawa ya maumivu itangulie. Vitambaa visivyogandana viwemo katika oda ya kila kituo, na anayeumwa kupita kiasi apewe rufaa mapema. Muuguzi asiyepewa vifaa asibebeshwe lawama peke yake. Wa kujibu ni anayeshika bajeti.

Nawe mgonjwa, ukiumwa sema. Ukiambiwa uvumilie, omba shashi irowekwe na upewe dawa kwanza. Ni haki yako, wala hupungukiwi na imani kwa kuidai.