Paswadi ya seva iko kwa nani?

Tunawaandikia nyinyi ndugu na dada. Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, hii tunawaandikia pia.

Hapa Bwiza tuko na kompyuta moja ya zamani tunayoitumia kama seva. Ndani kuna Kiwix, inayotupa Wikipedia bila intaneti, na daftari la majina ya wanachama wetu. Mgeni mmoja wa kujitolea alituwekea kila kitu kwa siku moja. Tukampigia makofi, akaondoka na paswadi. Siku umeme ulikatika na Kiwix ikakataa kuamka, tulibaki tunaangalia kioo tu.

Basi tukafuta, tukaanza upya wenyewe. Tuliweka Ubuntu (majirani zetu Warundi wanalijua hilo neno: kitu cha k'ubuntu ni cha bure), halafu Docker. Docker ilitoka 2013. Inaweka kila programu ndani ya kontena lake pamoja na vyote inavyohitaji, ili moja ikiharibika isivute zingine. Tulijaribu kwanza kontena dogo la hello-world. Lilipojibu tulipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza ni nani ameshinda mpira.

Sasa tumeiwekea Kiwix --restart unless-stopped: mashine ikiwaka, nayo inaamka. Na mega tunaokoa. Imeji unaipakua mara moja, docker save inaifanya faili moja, unaibeba kwa flashi, wenzako wanaipakia kwao kwa docker load.

Lakini kosa letu tuliseme. Tulichoka kuandika sudo kila mara, tukaingiza watu wote sita kwenye kundi la docker. Baadaye ndio tukasoma kwamba kundi hilo lina nguvu sawa na root. Yaani yeyote kati yetu angeweza kufungua daftari la majina. Kwa mkimbizi, jina na mahali alikotoka si vitu vya kuchezea. Kuna watu walikimbia kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye orodha ya mtu. Tumebakiza wawili tu, na paswadi iko kwenye bahasha iliyofungwa.

Hilo tusingelijua kama tungeendelea kuwekewa.

Mashirika, asante kwa kompyuta na vyeti. Ila mkileta fundi, akae pembeni, sisi ndio tubonyeze. Afadhali wiki nzima tukikosea kuliko siku moja tukitazama. Mradi ukiisha, nyinyi mtabaki na ripoti, sisi tutabaki na seva. Na sisi vijana, tusiombe kufanyiwa, tuombe kufundishwa.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hapa tumekaa miaka. Tupeni jembe.